Neno Ambalo Mfundisi Hakulisema

La Rochelle, Johannesburg
11 Februari 2024

Dada Thérèse,

Bwana asifiwe. Ukiona jina langu nyuma ya bahasha unaweza kuichana kabla ya kuifungua, nami sitakulaumu. Namba yangu uliifunga tangu ulipoondoka, kwa hiyo barua hii nimempa Mama Mamie. Anakuja Lubumbashi wiki ijayo na mzigo wake wa viatu, na ameniahidi ataitia mkononi mwako, si kwa jirani.

Mimi ni mlinzi, unanijua. Pale getini Randburg tunaandika kila kitu kwenye kitabu cha matukio: tarehe, saa, gari gani, nani kaingia, nani katoka. Hatuandiki tulivyojisikia. Ngoja nikuandikie hivyo hivyo, maana nikijaribu njia nyingine nitaanza kujitetea.

Jumapili, 14 Oktoba 2018. Kanisa letu, Jules Street, Malvern. Mgeni: mchungaji wa Vosloorus, Mfundisi Mabaso, anahubiri kwa Kizulu. Mkalimani: mimi, kwa sababu Kizulu nilikwisha kukijua kazini, na wengi wenu mlijua salamu na bei tu. Saa sita na robo mfundisi aliwaita mbele wanaotaka maombi. Ulikuja. Zilibaki wiki saba uolewe na Steve fundi cherehani; kitenge cha harusi kilikuwa kimeshagawiwa kwa akina mama, na Steve mwenyewe alishashona magauni ishirini na mawili. Mfundisi akakuwekea mkono kichwani, akasema maneno yake. Mimi nikashika maiki, nikasema kwa Kiswahili: "Binti, Mungu anasema ndoa hii si yake. Rudi kwenu."

Mfundisi hakusema hivyo. Nilisema mimi.

Ulipiga magoti ukalia. Steve alikuwa amesimama karibu na spika, hakusogea. Baada ya siku kumi na moja ulipanda basi.

Hiyo ndiyo habari. Shetani alinipanda kichwani siku ile, nikashindwa kumshusha. Sasa wanataka kuniweka mzee wa kanisa wakati wa Pasaka, na kwenye fomu kuna swali: je, kuna mtu yeyote mwenye neno nawe? Nimekaa na fomu hiyo siku tisa. Miaka yote hii nimeendelea kutafsiri, Dada, na watu wamebarikiwa, lakini mimi mwenyewe nikipiga magoti nyumbani simsikii Mungu. Kimya kabisa, kama redio iliyoishiwa betri. Naogopa ameniacha. Naomba unisamehe.

Wako katika Kristo,
Évariste


Lubumbashi
9 Machi 2024

Kaka Évariste,

Barua nimeipata. Mamie aliileta saluni nikiwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa, nusu bado, akanisimamia mpaka nikaifungua. Mteja naye akataka kujua kuna nini. Nikamwambia ni habari za msiba.

Eti Shetani alikupanda kichwani. Maskini Shetani! Kila Mkristo akiharibu, yeye ndiye anayesingiziwa. Alipanda mwenyewe, au ulimpungia mkono? Mtu hasemi uongo mbele ya kanisa zima, na spika mbili, bila sababu. Na hiyo sababu hukuiandika. Kitabu chako cha matukio kina ukurasa uliochanwa.

Halafu tazama: uongo uliusema kwenye maiki, msamaha unauomba ndani ya bahasha, tena umeibandika gundi mara mbili. Bon, haya.

Unajua nilipofika hapa majirani walisema nini? Kwamba nimeachwa na mwanamume. Habari ya "Mungu alisema" haikuwaingia. Kile kitenge cha harusi nilikivaa sokoni mpaka kikapauka, maana nguo nyingine ya maana sikuwa nayo. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Sasa nina thelathini na mitano, nina viti vinne vya kusukia na magoti yanayouma.

Hasira imepoa, sikudanganyi. Lakini siwezi kusamehe kitu ambacho sijaonyeshwa chote. Nijibu mawili. La kwanza: kwa nini? La pili: mfundisi alisema nini hasa? Mkono aliniwekea mimi. Neno lilikuwa langu, na ninalitaka.

Fomu hiyo usiijaze kwanza.

Thérèse


La Rochelle
12 Mei 2024

Dada Thérèse,

Fomu sikuijaza. Niliwaambia wazee kwamba nasubiri barua; wakadhani ni ya uhamiaji, wakaniombea. Nikasema amina. Eish.

Jibu la kwanza. Ni Murielle, mdogo wangu. Alikuwa amefika kutoka Bukavu miezi minne kabla, hana karatasi za uhamiaji, hana kazi, analala nyuma ya pazia kwenye chumba changu hapa La Rochelle. Mama alikwisha kufariki. Mlezi wake nilikuwa mimi. Nikamtazama Steve: mtu mtulivu, ana duka, ana karatasi, hanywi. Nikajiambia, huyu angemfaa Murielle. Lakini ulikuwepo wewe. Sikupanga siku nyingi. Nadhani ilikuwa kati ya nyimbo mbili. Ulipokuja mbele na mfundisi akafungua mdomo, maneno yalikuwa tayari kinywani mwangu. Steve alimwoa Murielle Januari 2020. Wana watoto wawili. Murielle hajui, na Steve hajui. Wakinialika chakula, Murielle ananiwekea mimi kipande cha kwanza cha nyama, anasema bila kaka kumpokea asingekuwa na nyumba. Ni kweli, na ndiyo maana kipande hicho nawapa watoto.

Jibu la pili. Sikumbuki.

Nilikuwa nimejaa maneno yangu, sikusikia yake. Sauti niliisikia, ya taratibu. Maneno, hapana. Nisikufiche: nilishaandika kwenye karatasi nyingine neno zuri la kukutumia, lenye baraka na milango kufunguka, na ungeliamini, maana najua wahubiri wanavyosema. Nilipolisoma nikaona ni kosa lile lile, tarehe tu ndiyo mpya. Nikaichana.

Jumamosi nilikwenda Vosloorus kumtafuta mfundisi. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini alinitambua. "Wewe ndiye mdomo wangu wa Jules Street," akasema, akacheka. Nikamweleza, nikamuuliza alikuambia nini. Hakumbuki hata yeye. Anasema yeye ni bomba tu. Maji yakishapita, bomba halibaki na kitu. Kisha akauliza mimi nilisema nini badala yake. Nilipomwambia alivua miwani. Mkewe alileta chai, ikapoa mbele yetu. Mwishowe akasema, "Kwa upande wangu nimekusamehe. Lakini waliokusikia ni kanisa zima, na mpaka leo wanaamini nilisema mimi." Akaniombea, akanisindikiza mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, akarudi.

Nikisema hadharani, nyumba ya Murielle inaweza kuvunjika. Nisiposema, nitabaki hivi nilivyo. Nimemwomba Mungu anionyeshe njia, hajanionyesha. Neno lako nimelipoteza, Dada, na sina pa kulitoa.

Évariste


Lubumbashi
20 Julai 2024

Kaka Évariste,

Umejibu. Sasa na mimi nijibu, maana si wewe peke yako mwenye ukurasa uliochanwa.

Neno langu halikupotea. Nilikuwa nalo tangu siku ile ile. Unamkumbuka Falonne, binti wa jirani yangu wa Malvern? Alikuwa na miaka tisa, Kiswahili anakielewa lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kizulu. Alikaa viti vya mbele. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinishika mkono, akajikaza kwa Kiswahili, akaniambia, "Auntie, mkalimani amekosea. Yule babu hakusema urudi kwenu. Amesema usiogope, Mungu anakijua unachokificha na bado anakupenda. Kiseme tu." Mama yake akamkemea: mtoto anajua nini mambo ya roho! Mimi nilijua mtoto amesema kweli, kwa sababu nilikuwa na kitu nimekificha.

Nina mtoto, Évariste. Anaitwa Gradi, ana miaka kumi na minne. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu nikaja Johannesburg, na huko nikajiita msichana. Steve hakujua. Mchungaji aliyetupa mafundisho ya ndoa hakujua. Basi Jumapili ile nikapewa maneno mawili. La kweli lilitaka nimkalishe Steve chini, nimwambie, nione kama atabaki. La kwako lilitaka nipande basi. Nikachagua la kwako, nikijua kabisa si la Mungu. Lilikuwa rahisi, na lawama zote zilikwenda mbinguni. Watu waliponiona nalia wakasema, tazama binti mtiifu! Aibu ile naisikia mpaka leo.

Kwa hiyo swali langu la pili lilikuwa mtego. Nilitaka kuona kama utanitungia neno jingine. Ungelitunga, barua hii usingeiona. Niliposoma "sikumbuki" niliweka kitana chini, nikakaa kwenye kiti cha mteja.

Na usije ukaniandikia kwamba Mungu aliutumia uongo wako ili Gradi apate mama. Yusufu ndiye aliyekuwa na haki ya kusema hivyo, si ndugu zake waliomuuza.

Nimekusamehe. Hakuna masharti, hakuna fomu. Na wewe nisamehe mimi: miaka sita nimekuacha ubebe mzigo peke yako, nusu yake ikiwa yangu. Lakini siwezi kukusamehe kwa niaba ya Steve, wala ya kanisa.

Unasema Mungu hajakuonyesha njia. Jamani! Alikuambia kwenye fomu. Akakuambia kwa mzee wa Vosloorus. Sasa anakuambia kupitia msusi wa Lubumbashi mwenye magoti mabovu. Hajanyamaza hata kidogo. Ni wewe hutaki kutafsiri.

Thérèse


Malvern, Johannesburg
7 Oktoba 2024

Dada Thérèse,

Mimi ni Murielle, mdogo wake Évariste, mke wa Steve. Hatukuzoeana sana. Ulinisuka siku ya pili niliyofika nchi hii, ukakataa kunitoza. Nakumbuka, na ndiyo sababu naandika kwa adabu ingawa moyo unawaka.

Kaka ameniambia mnaandikiana. Labda hujui alichofanya tarehe 22 mwezi uliopita. Wakati wa matangazo aliomba maiki. Tukadhani ni habari za mkesha. Akasimama, akasema yote, kuanzia mfundisi mpaka basi lako. Hakulia. Alikuwa anasoma kwenye karatasi kama askari. Alipofika kwenye sababu akanitaja jina. Kanisa zima likanigeukia, nami nina mtoto mgongoni! Sikujua kitu, Dada. Naapa mbele za Mungu sikujua. Miaka minne nimesimama kwenye shuhuda nikisema Mungu alinipa mume, kumbe ni kaka.

Steve alitoka kwa mlango wa pembeni. Akalala dukani siku tisa. Nilimpelekea chakula, alikula, alisema asante, aliendelea kukata suruali. Siku ya kumi alirudi. Akasema amechoka kulala juu ya vitambaa. Basi. Mpaka leo hajasema lingine, na mimi naogopa kuuliza.

Wazee wamemweka Évariste chini ya adhabu. Mimi simsemeshi. Yeye ametua mzigo wake, akautua kichwani kwangu.

Nakuuliza wazi, tuongee kama wanawake: unamtaka Steve? Kama unamtaka, niambie sasa, nijue ninapambana na nini.

Murielle


Lubumbashi
2 Novemba 2024

Murielle mdogo wangu,

Simtaki. Pumua.

Una haki ya kukasirika, na usiharakishwe na mtu kuiacha hasira yako, hata akiwa mchungaji. Ila usijiite mwizi. Wewe hukuiba kitu. Mimi niliondoka kwa miguu yangu, na nilijua siku ile ile kwamba neno lile ni la uongo. Évariste hakulisema hilo kanisani, kwa sababu lilikuwa siri yangu, si yake. Sasa nalisema.

Mwambie Steve nina mtoto wa kiume, nilimzaa kabla sijamjua yeye, nilimficha mwaka mzima tuliokuwa wachumba. Sikumkimbia kwa sababu ya Mungu. Nilimkimbia kwa woga. Msomee barua hii yote, usimpe nusu. Akikuuliza swali ambalo huna jibu lake, mwambie huna.

Na akirudi kunyamaza, muulize wewe. Mtu aliyelala dukani siku tisa kisha akarudi amekwisha kuamua jambo. Mpe nafasi alitamke.

Wasalimie watoto.

Thérèse


La Rochelle
6 Mei 2025

Dada Thérèse,

Katika barua yako ya Julai uliniomba msamaha, sikukujibu. Niliona si mtu kama mimi wa kujibu. Nimekusamehe. Naliandika mara moja tu, nisianze kulipamba.

Murielle alimsomea Steve barua yako yote. Juu ya Gradi, Steve aliniambia neno moja: "Ningemlea." Nakuletea kama alivyolisema, sijaongeza kitu.

Wazee walinipa miezi sita: benchi ya mwisho, hakuna maiki, hakuna Meza ya Bwana. Anayetafsiri sasa ni Exaucé, yule muuza simu. Anakosea sana! Jumapili ya kwanza nilimsahihisha moyoni kila sentensi. Ya pili pia. Sijui ilikuwa ya ngapi nilipoacha. Alikuja mhubiri wa Soweto, akahubiri juu ya mtoza ushuru aliyesimama mbali hekaluni, hathubutu hata kuinua macho. Exaucé akaivuruga vibaya, nusu ya hadithi ikabaki njiani, na mimi nikajikuta nalia. Miaka kumi na mmoja kila neno lilikuwa linapita kwangu kwenda kwa wengine. Siku hiyo lilikuwa limekuja kwangu. Nyumbani nilipiga magoti, sikuomba chochote. Kimya kilikuwepo, ila sikukiogopa.

Kuna desturi yetu ambayo pengine hukuwahi kuiona. Mtu akimaliza adhabu, wazee hutangaza tu kwamba muda umekwisha. Kumrudisha mezani si kazi yao. Aliyekosewa ndiye anayempelekea kikombe pale alipokaa. Asipompelekea, anangoja Jumapili ya kwanza ya mwezi unaofuata, na mwingine tena. Yuko mmoja alingoja miaka miwili. Wewe uko mbali. Aliyebaki ni Steve.

Tarehe 6 Aprili walitangaza. Steve alikuwa amekaa safu ya tatu na Murielle. Hakuinuka. Baada ya ibada alinisalimia, akauliza kazi inaendeleaje, nikasema sharp, salama tu. Murielle alipita bila kunitazama, ingawa aliwaacha watoto waje kunishika mkono. Nilirudi nyumbani, nikapika ugali, nikala. Iliniuma, Dada, lakini sikuona mtu wa kumlaumu.

Juzi, tarehe 4 Mei, saa tano na nusu, walitangaza tena. Nilikuwa natazama sakafu. Nikasikia kiti kinasogea kule mbele. Kutoka mezani mpaka benchi ya mwisho ni mbali, na Steve alikuja taratibu kwa sababu kikombe kilikuwa kimejaa. Alipofika hakunipa. Alisimama mbele yangu nacho mkononi.

Akasema, "Évariste, sijamaliza kukukasirikia."

Nikasema, najua.

Akasema, "Nitaendelea nikifika nyumbani. Kunywa."

Nikanywa.

Évariste